Redio ya Kumzawadia Mtu wa Bustani: Namna ya Kuichagua Hatua kwa Hatua

Maswali huja yale yale, hasa Desemba inapokaribia na watu wanajiandaa kwenda nyumbani. Mama anashinda bustanini tangu alfajiri, nimnunulie redio gani? Hii yenye taa za rangi inafaa? Mbona niliyompelekea mzee mwaka jana haitumiki tena? Nimeona majibu yakae mahali pamoja, kwa mpangilio, ili anayeuliza kesho asianze upya.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Redio ya bustanini ipimwe kwa mambo matatu: inashika vizuri stesheni anayoipenda mwenyewe, inatumia betri au chaji inayopatikana pale alipo, na anaweza kuiwasha na kuongeza sauti akiwa na udongo mikononi. Ikikosa hata moja kati ya hayo itaishia juu ya kabati, hata kama ilikuwa ghali kuliko zote dukani.

Wengine huuliza kwa nini wahangaike na redio wakati mzazi ana simu. Sababu zipo. Simu nyingi hazishiki FM mpaka uchomeke waya wa sikioni, kwa kuwa waya huo ndio unaofanya kazi ya antena. Kusikiliza kwa intaneti kunakula bando. Na simu ikiishiwa chaji saa nne asubuhi kwa sababu ya muziki, mtu aliyeko shambani peke yake hawezi tena kupiga wala kupigiwa. Mwache simu aitunze kwa kazi yake.

Kabla hujaenda dukani

Kusanya taarifa hizi kwanza. Mpigie simu mtu anayeishi naye, ndugu au jirani, ili zawadi ibaki siri.

- Majina ya stesheni mbili au tatu anazosikiliza, pamoja na masafa yake, yaani namba ambayo stesheni inapatikana kwenye redio, katika eneo lake, si katika mji unaoishi wewe.
- Kama nyumbani kuna umeme wa gridi, sola, au hakuna kabisa.
- Betri zinazouzwa katika duka la karibu naye: kubwa, ndogo, au zote.
- Hali ya macho, masikio na vidole vyake.
- Bustani iko umbali gani na nyumba, na kama kuna mti, nguzo au banda la kutundikia.
- Bajeti yako, ukiwa tayari umetenga fedha ya betri za kuanzia na za akiba. Watu wengi humaliza fedha yote kwenye redio, kisha wanaikabidhi ikiwa tupu.

Ukikosa taarifa nyingine zote, hakikisha ya kwanza na ya tatu unazo. Bila hizo mbili utakuwa unabahatisha.

Hatua ya 1: Linganisha redio na stesheni zake

Anza hapa, kabla hujatazama rangi wala ukubwa. Redio za kubeba hushika FM peke yake, au FM na mawimbi ya kati, au hizo mbili pamoja na mawimbi mafupi. Kwenye redio yenyewe utaona imeandikwa FM, MW au AM, na SW.

FM ya kwetu iko kati ya megahezi 87.5 na 108. Stesheni nyingi za sasa ziko huko, na kwa mtu anayeishi Dodoma mjini, Mwanza, Kisumu au Mombasa, redio ya FM tu inaweza kutosha kabisa. Tabu iko milimani. FM husafiri karibu kama mwanga wa tochi: mlima ukikaa katikati, kinachobaki ni mkwaruzo. Ndiyo maana mabondeni kule Lushoto au Mgeta, ambako watu wanalima kabichi, karoti na njegere kwenye miteremko, unaweza kukuta nyumba mbili zisizotengana sana, moja inapata stesheni safi na nyingine haipati kitu. Kwa mtu wa maeneo kama hayo chukua redio yenye antena ndefu ya kuvuta, na yenye MW na SW pia. Mawimbi ya kati huenda mbali zaidi yakifuata ardhi, na usiku husafiri mbali kuliko mchana. Mawimbi mafupi huvuka nchi na nchi.

Usinunue redio ya bendi nyingi kwa kudhani kwamba bendi nyingi ndiyo ubora. Kuna redio zilizoandikwa bendi 10 au 12 ambazo nyingi kati ya hizo ni vipande vya SW vilivyogawanywa, na bado FM yake ni dhaifu. Ikiwa mama anasikiliza stesheni mbili tu za FM, kila kitufe cha ziada ni mahali pa kupotelea. Akigusa swichi ya bendi kwa bahati mbaya, redio "imeharibika" mpaka mjukuu arudi likizo.

Uliza pia anachosikiliza na saa ngapi. Mtu wa taarifa ya habari, matangazo ya vifo na utabiri wa hali ya hewa anahitaji sauti ya maneno iliyo wazi. Mtu wa taarabu au rhumba atafurahia spika kubwa kidogo. Mtu wa Simba na Yanga, au wa Gor Mahia, anahitaji redio isiyozima katikati ya kipindi cha pili, na hapo tunaingia kwenye betri.

Hatua ya 2: Amua itakula nini

Hili ndilo jambo linaloua zawadi nyingi, kwa hiyo nalirefusha.

*Betri kubwa.* Ni zile za tochi za zamani, zinazoandikwa R20 au D. Ukitaka redio ya mtu anayeshinda shambani bila umeme, bado sijaona kinachozishinda. Betri kubwa ya alkali hubeba nguvu mara tano au zaidi ya betri ndogo ya alkali ya saizi ya AA. Redio ya kawaida yenye betri kubwa, kwa sauti ya wastani, inaweza kwenda majuma kadhaa kabla hujanunua nyingine. Ubaya wake ni uzito, na ikisahaulika ndani ya redio iliyowekwa stoo, huvuja.

*Betri ndogo.* R6 au AA, na zile nyembamba zaidi za R03 au AAA. Redio inakuwa nyepesi, inaingia mfukoni mwa koti la shambani. Inafaa kwa anayesikiliza saa moja au mbili kwa siku. Anayewasha asubuhi na kuzima jioni utamtwika gharama ya kila mara. Redio za AAA kwa kazi ya bustani mimi sizipendekezi kabisa.

*Betri ya kuchaji ndani.* Redio ndogo nyingi za sasa zinatumia betri ya lithiamu. Hapa fungua mfuniko uangalie. Ukikuta BL-5C, ile bapa ya simu ndogo za Nokia, hiyo ni habari njema, kwa sababu inapatikana kwa fundi simu yeyote hata kwenye mnada wa kijijini. Ikiwa ni ya duara, kubwa kidogo kuliko AA, imeandikwa 18650, nayo hupatikana mijini. Lakini betri ikiwa imefungiwa ndani bila mfuniko, jua kwamba siku ikichoka redio nzima imekwisha, labda umpate fundi wa kuunga waya. Angalia na tundu la chaji: lifanane na la simu inayotumika nyumbani hapo. Redio yenye pini yake ya peke yake itakufa siku chaja ikipotea.

*Sola na mkono wa kuzungusha.* Redio za kuzungusha zilipata umaarufu miaka ya 1990, baada ya Mwingereza Trevor Baylis kubuni moja akiwafikiria watu wa Afrika wasio na umeme wala fedha za betri. Wazo ni zuri na kwa dharura linasaidia. Kwa kila siku, mtu anayepalilia hatasimama kila mara azungushe. Kuhusu kile kipande kidogo cha sola juu ya redio, kichukulie kama nyongeza. Kinachaji polepole, tena kinamlazimisha aanike redio juani, na jua kali ndilo linalochosha betri ya lithiamu na kupasua plastiki. Ikiwa nyumbani kuna taa za sola zenye tundu la USB, chajia hapo, redio ikiwa kivulini.

Chaguo langu, ukinilazimisha niseme moja: redio inayokubali njia mbili, yaani betri kubwa na waya wa umeme, au betri ya kuchaji pamoja na nafasi ya betri kavu. Umeme ukikatika au chaja ikileta shida, haimwachi gizani.

Hatua ya 3: Fikiria mikono yake

Mtu wa bustani anagusa redio akiwa na samadi, udongo wa matuta, au maji ya kumwagilia vidoleni. Pengine amevaa glavu. Vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti na kimoja cha kutafuta stesheni, ndivyo vinavyomfaa wengi. Anaweza kuvizungusha kwa kiganja cha pembeni, bila hata kutazama. Vitufe vidogo vilivyosongamana, vyenye alama za kufutika, vinamtaka avue glavu, anawe, avae miwani.

Redio ya tarakimu, ile inayoonyesha namba ya masafa kwenye kioo, ina faida yake: stesheni haihami na unaweza kuihifadhi. Ukiichagua, hakikisha ina vitufe vya moja kwa moja vya kumbukumbu, yaani 1, 2, 3, vinavyoita stesheni kwa mbonyezo mmoja. Zile zinazokutaka upite menyu ndefu ziache.

Jaribu hivi dukani: funga macho, iwashe, ongeza sauti, badili stesheni, izime. Ukishindwa wewe mwenye vidole vikavu, mzee wa miaka 70 atashindwa zaidi.

Hatua ya 4: Spika na sauti ya uwanjani

Nje hakuna kuta za kurudisha sauti, kwa hiyo redio iliyovuma ndani ya duka huwa ndogo ukiifikisha kwenye matuta. Spika yenye upana wa sentimita 8 hadi 10 hutosha kusikika kutoka kitaluni hadi mwisho wa bustani ya nyumbani. Usidanganywe na maboksi yaliyoandikwa wati 500 au 1000 za PMPO. Redio inayokula betri tatu haiwezi kutoa nguvu hiyo. Ni namba ya kuuzia. Tafuta kama imeandikwa wati za RMS, na kwa redio ya kubeba wati moja au mbili za kweli ni sauti ya kutosha.

Kwa mtu ambaye masikio yameanza kuchoka, besi kubwa haimsaidii. Inafunika maneno. Sauti nyembamba kidogo, yenye maneno makavu, ndiyo anayoisikia vizuri.

Hatua ya 5: Vumbi, maji na mahali pa kutundika

Redio nyingi za kawaida hazina kinga yoyote dhidi ya maji. Zilizo na kinga huandikwa IP na tarakimu mbili: ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IPX4 maana yake inastahimili marasharasha, na X inaonyesha kwamba upande wa vumbi haukupimwa. IP67 maana yake vumbi haliingii na inaweza kuzama kwenye kina cha mita moja kwa nusu saa. Ukimudu yenye angalau IPX4, nzuri. Ukishindwa, usiache kununua. Mkono imara wa kubebea, au mkanda wa kutundika kwenye tawi la mwembe, utaiokoa redio na ajali nyingi, kwa sababu redio nyingi za bustani huharibika zikiwa zimewekwa chini: ndoo inamwagika juu yake, au mbuzi anaikanyaga.

Angalia mkono huo kwa makini. Uvute kwa nguvu. Ukiwa ni plastiki nyembamba iliyochomekwa tu, utakatika mwezi wa kwanza.

Hatua ya 6: Vikorokoro

Flash na memori kadi: chukua ikiwa bei haipandi sana. Mama anayependa kwaya au mawaidha atafurahi ukimwekea mwenyewe. Tochi: inafaa anayemwagilia alfajiri. Bluetooth: kwa wengi wa umri wa wazazi wetu haina kazi, na mara nyingi watoto wa nyumbani ndio wanaoichukua redio kwa ajili yake. Taa za rangi zinakula betri tu.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla hujalipa

Iwe unanunua Kariakoo, Luthuli Avenue au duka la mtaani kwenu, usikubali boksi lililofungwa kwa gundi likupite hivihivi. Muuzaji mwema hatakasirika.

1. Muombe atoe ile ile utakayoondoka nayo, si ya maonyesho.
2. Soma jina la kampuni herufi kwa herufi. Redio bandia hubadilisha herufi moja au huiga nembo. Linganisha boksi, redio na karatasi ya maelezo. Namba ya modeli iwe moja kote.
3. Fungua sehemu ya betri. Springi ziwe ngumu na zinang'aa, mfuniko ubane. Mfuniko uliolegea ni dalili ya kazi ya haraka kiwandani.
4. Weka betri mpya. Nenda nayo hadi nje au mlangoni, kwa sababu ndani ya jengo la zege lenye taa nyingi huwezi kuipima.
5. Tafuta stesheni dhaifu, si ile yenye mnara karibu. Redio yoyote inashika stesheni kubwa ya mjini. Ubora unaonekana kwenye zile za mbali.
6. Zungusha kifundo cha sauti taratibu kutoka chini hadi juu. Kikikwaruza ikiwa mpya, rudisha.
7. Vuta antena yote, kisha igeuze kila upande. Isiwe inalegea shingoni.
8. Ichomeke kwenye umeme au chaja ikiwa imewashwa. Sikiliza kama kunaingia mvumo.
9. Chukua risiti. Tanzania dai ya EFD, yaani ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Uliza muda wa garantii na mwandikishe juu ya risiti hiyo hiyo.

Jaribio la 5 ndilo watu wanaloliruka, nalo ndilo lenye thamani kuliko mengine yote.

Hatua ya 8: Kama unaituma kutoka ng'ambo

Ndugu walioko nje hununua kwa nia njema kabisa na vitu vinafika haviwezi kutumika. Jihadhari na mambo manne.

Kutoka Uingereza na nchi nyingi za Ulaya: redio nyingi zinauzwa kama DAB, yaani redio za matangazo ya kidijitali. Huku tunasikiliza FM na AM, kwa hiyo redio ya DAB pekee haitatoa sauti. Hakikisha ina FM pia, na fahamu kuwa redio za DAB hula betri haraka.

Kutoka Japani: FM ya kule inaanzia megahezi 76. Wenye magari yaliyotumika wanalijua tatizo hili. Redio ya gari inafika 90 na kukomea hapo. Kwa redio ya kubeba soma mwisho wa skeli, ule mstari wa namba za masafa. Isipofika 108, iache.

Kutoka Marekani: redio za tarakimu za kule huruka FM kwa hatua za 0.2, kwa hiyo zinaweza kuirukia stesheni yenye tarakimu shufwa mwishoni, mfano 96.4. Mawimbi ya kati nako huenda kwa hatua za kilohezi 10, wakati huku ni 9. Baadhi zina swichi ya kubadili eneo, nyingine hazina. Redio ya skeli, ile ya kutafuta stesheni kwa kifundo, haina shida hii.

Umeme: soma nyuma ya chaja. Ikiwa imeandikwa 100–240V, inafaa popote, utanunua tu adapta ya plagi ya pini tatu za bapa. Ikiwa imeandikwa 120V pekee, ikichomekwa kwenye umeme wa kwetu itaungua.

Hatua ya 9: Iandae kabla hujaifunga kwa karatasi

Zawadi ya redio haijakamilika mpaka iweze kuongea dakika ile anapoifungua.

Weka betri mpya za aina moja, zilizonunuliwa pamoja. Usichanganye mpya na nzee, wala alkali na za kawaida; iliyochoka huvuja na kuharibu nyingine. Nunua na seti ya akiba. Redio ya kuchaji ichaji ijae.

Kwa redio ya skeli, weka alama ndogo ya rangi ya kucha kwenye kioo mahali stesheni yake ilipo. Tumia rangi tofauti kwa kila stesheni. Kwa redio ya tarakimu, hifadhi masafa ya eneo lake, kwa mkono, namba kwa namba. Hapa wengi hukosea: wanaiamuru redio itafute yenyewe wakiwa Dar es Salaam au Nairobi, inahifadhi stesheni za huko, na ikifika kijijini kila kitufe kinatoa mkwaruzo. Stesheni moja inaweza kuwa na masafa tofauti kila mkoa.

Ikiwa redio haina kinga ya maji, weka ndani ya boksi mfuko mmoja mzito wa nailoni angavu. Atauvisha redio mvua ikinyesha, huku antena ikitokeza juu, na sauti bado itasikika.

Hatua ya 10: Ikabidhi bustanini

Ukiweza, usiikabidhi sebuleni. Shuka naye shambani, mtafute pamoja mahali pa kuitundika. Kivuli kwanza, halafu stesheni. Sogea nayo hatua chache kila upande ukisikiliza. Kwenye FM mita moja tu inaweza kubadilisha kila kitu. Banda la mabati huzuia mawimbi, kwa hiyo itundike nje ya banda, chini ya upenu. Kwa mawimbi ya kati antena ya kuvuta haisaidii, kwa sababu antena ya mawimbi hayo iko ndani ya redio. Geuza redio nzima mpaka sauti inyooke.

Mwelekeze mambo machache tu: kuwasha, sauti, stesheni, na kubadili betri. Mwachie afanye mwenyewe mbele yako mara mbili. Mwambie pia kwamba siku ya kupiga dawa ya wadudu, redio ibaki nyumbani au ifungwe ndani ya mfuko. Dawa ikitua kwenye vifundo, itamrudia mikononi kila anapovigusa, hata siku ambayo hakupiga dawa na hakuona haja ya kunawa kabla ya kula.

Ikisumbua

*Haiwaki kabisa.* Toa betri uangalie upande wa chanya na hasi kwanza. Kisha angalia springi. Ukiona unga mweupe wa betri ya alkali iliyovuja, ufute kwa pamba yenye matone ya siki au limao, kausha vizuri, ndipo uweke betri mpya. Usiuguse kwa mkono mtupu.

*Inawaka lakini inakoroma stesheni zote.* Angalia swichi ya bendi. Mara nyingi imehamia SW au MW. Ikiwa bado iko FM, vuta antena yote na ubadilishe mahali.

*Stesheni inahama taratibu.* Kwa redio ya skeli hutokea jua likiipasha moto, au betri zikianza kuisha. Iweke kivulini. Isipotulia, badilisha betri.

*Betri zinakwisha haraka.* Jaribu betri za duka jingine kabla hujailaumu redio. Betri za bei ya chini zilizokaa sana dukani hufika zikiwa nusu. Pia hakikisha anaizima kwa swichi. Kupunguza sauti mpaka chini si kuzima, isipokuwa kifundo kikitoa mlio wa "ta" mwishoni. Kwa anayetumia betri za kuchaji za AA, fahamu kwamba zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo baadhi ya redio huonyesha alama ya betri dhaifu mapema.

*Inavuma ikiwa kwenye chaji au karibu na taa.* Chaja za bei rahisi, inveta za sola na baadhi ya taa za LED hutoa kelele, hasa kwenye MW na SW. Chomoa chaja wakati wa kusikiliza, au isogeze redio mbali na inveta.

*Kifundo cha sauti kinakwaruza.* Ni vumbi. Izime redio, kisha zungusha kifundo kutoka mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Ikiendelea, fundi atapuliza dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme. Ni kazi ya dakika chache. Usimruhusu mtu apake mafuta ya kupikia au ya taa.

*Betri ya lithiamu imevimba.* Acha kuitumia hapo hapo. Usiichome, usiitoboe, usiichaji tena. Itolewe, inunuliwe nyingine ya aina ile ile. Sababu mojawapo ni kuchajiwa juani. Betri hizi hazifai kuchajiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 45.

*Sisimizi wameingia.* Hutokea sana redio ikilala shambani. Itoe betri, igonge taratibu, iache mahali pakavu penye mwanga. Kuanzia hapo ilale nyumbani, imetundikwa, isiwe juu ya udongo.

*Imeingia maji.* Usiiwashe kujaribu. Toa betri mara moja, fungua mfuniko, iinamishe spika ikitazama chini, iache kivulini penye upepo kwa siku mbili au tatu. Ikiwa maji yalikuwa na mbolea au chumvi, ipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha hata kama imewaka, kwa sababu chumvi inayobaki kwenye saketi huendelea kula shaba kidogo kidogo.